Kutoka Pangoni Hadi Sebuleni: Yoga Ilivyohamia Nyumbani

Watu wengi wakilisikia neno yoga huwajia picha mbili. Ya kwanza ni ya mzee wa Kihindi mwenye ndevu, kakaa pangoni, mbavu zinahesabika, miguu kaipachika juu ya mapaja. Ya pili ni ya mwanamke wa Kizungu ndani ya jumba la vioo, nguo zimembana, mkeka wake wa mpira una bei ya kutisha. Picha zote mbili zina ukweli wake. Lakini zote mbili zinamwacha nje mtu ambaye kwa maoni yangu ndiye mhusika mkuu wa historia hii. Naye ni mtu wa kawaida, mwenye kazi na watoto na deni dukani, anayeamka alfajiri, akatandika mkeka sebuleni kwake, akanyoosha mgongo robo saa, kisha akaoga na kwenda zake kibaruani. Kesho anarudia. Keshokutwa anarudia tena.

Mtu huyo katoka wapi? Nani alimpa ruhusa? Usilishangae neno ruhusa, ndugu msomaji, kwani kwa karne nyingi mtu huyo hakutajwa ila kwa nadra. Mazoea ya kufanya yoga nyumbani kila siku tunadhani ni ya tangu Adamu, kumbe katika sura yake ya leo umri wake ni miaka mia moja na kidogo tu. Kuna watu waliyapigania, wakachekwa, na baadaye wakatokea wengine waliotaka kuyauza. Makala hii inafuata safari hiyo.

NIRA NA KIJUMBA

Neno yoga limetokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kufunga nira. Ni nira hii hii tuijuayo ya ng'ombe na plau. Yeyote aliyepata kuwaona wakulima wa Usukuma wakifundisha maksai wachanga ataelewa mara moja. Maksai hafundishwi kwa siku moja. Leo anafungwa nira, anagoma. Kesho anafungwa tena, anakwenda upande. Lakini akifungwa kila siku, saa ile ile, na mtu yule yule, baada ya muda shingo yenyewe inaizoea kazi. Wahindi wa kale waliona kwamba akili ya binadamu ni maksai wa namna hiyo.

Kitabu maarufu kuliko vyote katika jambo hili ni Yoga Sutra cha Patanjali, ambacho wataalamu wengi wa leo hukadiria kuwa kiliandikwa karibu na mwaka 400 baada ya Kristo. Ni kitabu kifupi, kina vifungu visivyofika 200, na kati ya hivyo vinavyozungumzia mikao ya mwili ni vitatu tu! Mkao, kwa Patanjali, ni jinsi ya kuketi kwa utulivu na raha ili akili ifanye kazi yake. Lakini kuhusu mazoea alikuwa mkali. Alisema mazoezi hushika mizizi pale yanapofanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa, na kwa moyo. Masharti matatu hayo, na hadi leo hakuna aliyepata njia ya mkato.

Hapa pana jambo ambalo vijana wa Pwani watapenda kulijua. Karibu na mwaka 1030 mwanachuoni Mwislamu al-Biruni alikifasiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu. Maana yake ni kwamba lugha iliyotukopesha maneno kama kitabu, akili na adabu ilikuwa na yoga ndani yake zaidi ya miaka 900 kabla ya Hollywood kuisikia. Kwa hiyo anayesema yoga ni jambo la Wazungu, na anayesema ni jambo lisilopata kumpitia Mwislamu msomi, wote wawili wana la kujifunza.

Katika karne ya 15 mwandishi Svatmarama akatunga Hatha Pradipika, kitabu kinachoeleza mikao 15, jinsi ya kuvuta na kuzuia pumzi, na mengineyo. Kinachonivutia mimi ni maelezo yake ya mahali pa kufanyia. Anasema mfanya yoga awe na kijumba kidogo, chenye mlango mdogo na kisicho na dirisha, kilichopakwa samadi ya ng'ombe kikawa laini, kisafi, hakina wadudu. Kijumba hicho kiwe katika nchi yenye utawala mwema, mahali ambapo chakula cha sadaka hupatikana kwa urahisi. Ukikisoma utadhani mtu anaeleza msonge wa kwao Ukerewe. Tena anataja mambo yanayoiharibu yoga: kula kupita kiasi, kujichosha kupita kiasi, na maneno mengi. Hayo tunayajua sana.

Lakini soma tena pale kwenye chakula cha sadaka. Kijumba kile ni cha mtu aliyeuaga ulimwengu, asiye na mke wala watoto, anayeomba riziki. Ni kweli kwamba vitabu vingine vya zamani vilifungua mlango kidogo. Shiva Samhita, kwa mfano, kinakubali kwamba mwenye nyumba naye aweza kufaulu. Hata hivyo katika macho ya watu yogi alibaki kuwa mtu wa porini. Wengine walitembea kwa makundi wakiwa na silaha, na katika karne ya 18 Waingereza walipigana nao huko Bengal. Mzazi wa mjini hakutamani mwanawe awe yogi, kama ambavyo mzazi wa leo hatamani mwanawe ashinde kijiweni.

Hata Swami Vivekananda, aliyeitikisa Chicago kwa hotuba zake mwaka 1893, na ambaye kitabu chake Raja Yoga cha mwaka 1896 kiliwafungulia macho watu wa Magharibi, hakuwa na hamu na mikao ya mwili. Aliona ni kazi nyingi yenye faida ndogo kwa roho. Yoga yake ilikuwa ya kutafakari. Mgongo unaouma na tumbo lililolegea havikuwa shughuli yake.

MWENYE NYUMBA ANADAI HAKI YAKE

Mabadiliko yalikuja na kijana mmoja wa Gujarat. Alizaliwa mwaka 1897, jina lake Manibhai Desai, akapelekwa kusoma St. Xavier's College mjini Bombay. Badala ya kutafuta ukarani alimfuata mwalimu wake wa yoga, mzee Madhavdas, huko Malsar. Kwa desturi hadithi ingeishia hapo: kijana anavaa nguo za utawa, anapotea. Haikuwa hivyo. Kijana huyo, ambaye baadaye alijiita Yogendra, alirudi mjini na wazo ambalo kwa wakati ule lilikuwa la kichaa. Aliona kwamba anayehitaji yoga kuliko wote ni yule asiyeweza kukimbilia porini, yaani karani, mwalimu, mama wa nyumbani na mwanafunzi. Mtawa kaishakimbia dunia, anahangaika na nini?

Tarehe 25 Desemba 1918 akaanzisha The Yoga Institute huko Versova, ufukweni Bombay, katika nyumba ya familia ya mzee mpigania haki Dadabhai Naoroji. Angalia mahali penyewe! Si hekaluni, si pangoni. Nyumbani kwa watu. Taasisi hiyo ipo mpaka leo, katika eneo la Santacruz.

Mwaka 1919 Yogendra alikwenda Marekani akafundisha huko New York, lakini baada ya kurejea kwao sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1924 iliwafungia mlango Waasia, naye akabaki India. Mwaka 1927 akafanya jambo lililowashangaza wengi: akaoa. Yogi na mke! Mke huyo, Sita Devi, hakuja kupika chai tu. Mwaka 1934 alitoa kitabu cha mazoezi ya yoga kwa wanawake, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kuandika juu ya somo lililodhaniwa ni la wanaume wenye ndevu. Wakazaa, wakalea, wakafundisha. Vitabu vya Yogendra vilikuwa vidogo, vya bei nafuu, vyenye mikao michache iliyorahisishwa ili mtu aifanye chumbani kwake bila mwalimu wala jasho la kutisha. Ndoa ile, kwa maoni yangu, ilihubiri kuliko vitabu vyote. Iliwaambia watu kwamba yoga inaweza kuishi nyumba moja na kilio cha mtoto.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alifungua Kaivalyadhama huko Lonavla, akaanza kuipima yoga kwa mashine za daktari, na matokeo akayachapa katika jarida lake Yoga Mimamsa. Msomi wa mjini aliyeona aibu kufanya mambo ya watu wa porini sasa alikuwa na picha za eksirei za kumtetea. Naye mtawala wa kijinchi cha Aundh, Raja Bhawanrao, aliandika mwaka 1928 kitabu juu ya surya namaskar, yaani salamu kwa jua: mfululizo wa kuinama, kunyooka, kushuka na kuinuka. Raja mwenyewe aliufanya kila asubuhi, na familia yake, na watoto wa shule wa nchi yake pia. Kwake ilikuwa ni mazoezi ya taifa lililo chini ya mkoloni. Aliamini kwamba mtu aliyedharauliwa hana budi kuanza kwa kuunyoosha mgongo wake mwenyewe.

Na hapa ndipo tunapoona kwa nini jambo hili halikuwa mchezo. Mkoloni alikuwa akimwambia Mhindi kwamba yeye ni dhaifu na hafai kujitawala. Basi mkeka wa asubuhi ukawa jibu. Hata Jawaharlal Nehru, kiongozi asiyependa mambo ya dini, alisimama kwa kichwa kila siku akiwa gerezani, na katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1936 alikiri kwamba mkao ule wa kuchekesha ulimpa furaha na kumfanya ayavumilie zaidi mambo ya dunia. Hebu fikiria. Serikali ya mfalme imekufunga, milango ina makufuli, askari wana bunduki, lakini asubuhi ni yako. Huko gerezani chumba kilikuwa kidogo kama kijumba cha Svatmarama, nacho kilitosha.

MAHINDI YALITOKA WAPI?

Kusini, katika mji wa Mysore, Maharaja Krishnaraja Wadiyar wa 4 alimwajiri mwalimu mkali aitwaye Tirumalai Krishnamacharya, akampa ukumbi katika jumba la Jaganmohan mwaka 1933. Mikao mingi inayofanywa leo duniani, ile ya kusimama na kuruka na kufuatanisha pumzi na mwendo, ilipita katika ukumbi huo.

Kuna ubishi hapa. Mtafiti Mark Singleton katika kitabu chake Yoga Body cha mwaka 2010 alionyesha kwamba yoga ya mikao ya karne ya 20 ilichanganyika na mazoezi ya viungo ya Ulaya, mafunzo ya jeshi, na unyanyuaji wa vyuma uliokuwa umeenea India wakati ule. Wapo waliokasirika, wakidai anawapora Wahindi urithi wao. Wapo waliofurahi, wakisema kumbe yoga ni jimnastiki tu.

Mimi nasema pande zote mbili zije mezani tule ugali. Mahindi hayakuota Afrika. Yalitoka Amerika, yakaja kwa mashua za wageni karne kadhaa zilizopita. Je, kuna mtu wa Iringa au wa Kakamega atakayekubali kuambiwa ugali si wake? La hasha. Kitu huwa chako kwa jinsi unavyokitwaa, ukakipika kwa mkono wako, ukawalisha wanao. Patanjali alikuwa na vifungu vitatu vya mikao, Svatmarama mikao 15, na mwanafunzi wa Mysore tutakayemkuta sasa hivi alikuwa na 200. Hiyo ni dalili ya kitu kinachoishi.

WIKI 300

Mwanafunzi huyo ni B.K.S. Iyengar. Alizaliwa Desemba 1918 huko Bellur, mwezi ule ule Yogendra alipofungua taasisi yake, wakati mafua makubwa ya dunia yakiua watu. Alikua mgonjwa mgonjwa: malaria, taifodi, kifua kikuu. Mwaka 1934 akachukuliwa na shemeji yake, ambaye ndiye Krishnamacharya, akaishi Mysore kama mtoto wa kutumwa, mwili mgumu kama kuni. Mwaka 1937 akapelekwa Pune kufundisha, umri miaka 18, hajui vizuri lugha ya huko, mara nyingine hana chakula. Alichokuwa nacho ni sakafu. Akawa anafanya mazoezi saa nyingi kila siku, mwenyewe, akijikosoa mwenyewe.

Mwaka 1952 mpiga fidla mashuhuri Yehudi Menuhin alikuja India akakutana naye. Menuhin alikuwa amechoka na hapati usingizi. Iyengar akamlaza kwenye mkao wa kupumzika, na inasemekana bwana mkubwa akalala fofofo. Ndipo Ulaya ikamjua Iyengar. Mwaka 1966 kikatoka kitabu chake Light on Yoga, chenye picha karibu 600.

Wengi hukitazama kitabu kile kwa picha, jinsi mtu alivyojikunja kama kamba. Mimi naona hazina yake iko nyuma, mwishoni kabisa, katika kurasa ambazo watu hawazipigi picha. Kuna ratiba. Wiki ya kwanza na ya pili fanya hivi. Ya tatu na ya nne ongeza hivi. Ratiba hiyo inaendelea hadi wiki ya 300! Piga hesabu: ni miaka karibu sita. Mwandishi anamwambia msomaji asiyemjua, aliye mbali, pengine katika mji usio na mwalimu, kwamba atakwenda naye miaka sita, hatua kwa hatua, chumbani kwake. Katika dunia ya leo ya kuahidiwa tumbo bapa kwa siku saba, ahadi ya wiki 300 ina heshima yake.

Kadhalika Iyengar aliwafungulia mlango wagonjwa na wazee kwa kutumia vitu vya nyumbani. Huwezi kufika chini? Weka tofali. Mgongo hauwezi? Chukua kiti. Miguu haikutani na mikono? Funga mkanda. Blanketi, kamba, ukuta, vyote vikawa walimu wasaidizi. Samani za nyumba ambayo zamani yogi aliikimbia sasa ndizo zikambeba.

MWALIMU NDANI YA SANDUKU

Mwanamke mwingine wa kukumbukwa ni Indra Devi, mzaliwa wa Riga mwaka 1899, aliyemganda Krishnamacharya mwishoni mwa miaka ya 1930 mpaka akakubaliwa kuwa mwanafunzi, ilhali mwalimu alikuwa hataki kufundisha wanawake wala wageni. Mwaka 1947 alifungua shule Hollywood, na kitabu chake cha mwaka 1953 kikawafikia akina mama wa nyumbani wa Marekani. Kisha ikaja televisheni. Mwaka 1961 Richard Hittleman alianza kipindi chake cha yoga huko Los Angeles; mwaka 1970 Lilias Folan akaanza chake. Huko India nako Dhirendra Brahmachari, mwalimu wa Indira Gandhi, akaonekana kwenye televisheni ya taifa katika miaka ya 1970. Sasa mama aliyewapeleka watoto shule alisogeza meza, akawasha sanduku, akafuata. Baada ya nusu saa meza ikarudi mahali pake.

Hata mkeka una hadithi yake. Watu wa kale waliketi juu ya majani makavu, ngozi ya paa na kitambaa. Mkeka wa mpira usioteleza ulianzia kwenye kipande cha mpira wa kuweka chini ya zulia, alichokikata mwalimu Mwingereza Angela Farmer alipokuwa akifundisha Ujerumani. Nasi tunaokota nini hapo? Kwamba kifaa kinachouzwa leo kwa mbwembwe kilianza kama kipande cha kufunika sakafu ya nyumba. Nyumba za kwetu hazikupata kukosa mkeka.

NANI MWENYE YOGA?

Jambo likishapendwa, mwenye duka hayuko mbali. Bikram Choudhury alijipatia utajiri Marekani kwa mfululizo wa mikao 26 na mazoezi mawili ya pumzi, dakika 90 katika chumba chenye joto la nyuzi 40 hivi. Si vibaya mwalimu kulipwa. Tatizo ni kwamba alidai mfululizo huo ni mali yake, na yeyote anayeufundisha bila kibali chake ni mwizi. Serikali ya India ilishtuka. Tangu mwaka 2001 ilikuwa imeanza kukusanya maarifa yake ya jadi katika maktaba ya kompyuta, na mikao ya yoga ikaingizwa humo, ili mtu asije akaisajili kama uvumbuzi wake. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ya Marekani ikaamua kwamba mfululizo wa mikao hauwezi kulindwa kwa hakimiliki, kwani ni njia ya kutafuta afya, na njia haina mwenyewe.

Wanafunzi wa fasihi simulizi watambue uzito wa uamuzi huo. Ni kama mtu kudai hadithi za sungura ni zake kwa sababu yeye kazipanga kumi na mbili. Mazoea ya nyumbani ndiyo ngome ya mwisho dhidi ya madai kama hayo. Anayejua mikao yake kumi kwa moyo, kama bibi anavyojua kusuka ukili, nani atamtoza kiingilio?

JE, NI IBADA?

Swali hili haliepukiki kwetu, na si haki kulipita kwa dharau. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia lilikataza yoga kwa Waislamu, likihofia maneno ya sala za Kihindu yanayoandamana nayo. Waziri mkuu wa wakati ule akafafanua kwamba mazoezi ya mwili yasiyo na maneno hayo hayana neno. Kwa upande mwingine, mwaka 2017 Saudi Arabia iliitambua yoga kama mchezo, baada ya juhudi za muda mrefu za mwanamke wa huko, Nouf Almarwaai.

India yenyewe ilibishana. Umoja wa Mataifa ulipitisha tarehe 11 Desemba 2014 kwamba 21 Juni iwe siku ya yoga duniani, nchi 177 zikiunga mkono. Ilipofika siku ya kwanza, mwaka 2015, serikali iliiondoa salamu kwa jua katika mazoezi ya hadhara kwa sababu Waislamu walisema wao hawalisujudii jua. Kumbuka, msomaji, kwamba ile salamu kwa jua iliyoenezwa na Raja wa Aundh hata haikuhesabiwa kuwa yoga na wengi wa zama zake!

Mimi si mufti wala askofu. Naona tu kwamba nyumbani ndipo swali hili hupata jibu lake la amani. Katika ukumbi wa watu utalazimika kutamka anachotamka mwalimu. Sebuleni kwako pumzi ni pumzi. Mwenye sala yake atasali sala yake. Asiyeridhika moyoni asifanye, na asilaumiwe.

SAA NA MKEKA

Mwaka 2016 kamati ya UNESCO ilikutana Addis Ababa, katika ardhi hii yetu ya Afrika, ikaiandika yoga ya India katika orodha ya urithi wa binadamu. Jijini Nairobi, Africa Yoga Project ilikuwa imeanza tangu 2007 kuwafunza vijana wa mitaa ya jiji hilo kuwa walimu. Kisha likaja gonjwa la korona. Tarehe 21 Juni 2020 siku ya yoga duniani iliadhimishwa watu wakiwa majumbani, na kaulimbiu ya India ikawa yoga nyumbani, yoga na familia. Yogendra, aliyefariki mwaka 1989, angetabasamu. Alichochekewa mwaka 1918 sasa kilikuwa agizo la serikali.

Basi linabaki swali la mazoea yenyewe. Mtu anaanza Jumatatu kwa kishindo, Alhamisi kachoka, Jumapili kasahau. Yameenea maneno kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walifuatilia watu 96 na kutoa matokeo mwaka 2010: siku ya katikati ilikuwa ya 66, wa haraka siku 18, na wa polepole walikadiriwa kufika siku 254. Tena kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kilichosaidia ni kulifunga jambo jipya kwenye jambo la kila siku: baada ya kupiga mswaki, kabla ya chai. Ni nira ile ile. Maksai hafuati hotuba, anafuata saa na njia anayoijua.

Historia hii inanifundisha mambo machache ya wazi. Waliofanikiwa walianza na kidogo. Kila mara yoga ilipotaka jumba, joto la mashine na kibali, iliwaacha wengi nje, na ilipokubali tofali, blanketi na sakafu iliwafikia. Na aliyedumu ni yule aliyekuwa na saa yake. Mikao minne au mitano ya kuanzia yatosha, na mkao wa kichwa usubiri, hasa kwa mwenye presha au shingo mbovu. Madaktari wa American College of Physicians mwaka 2017 waliitaja yoga kati ya mambo ya kujaribiwa kwanza kwa maumivu sugu ya kiuno, kabla ya vidonge. Si dawa ya kila kitu, lakini wauza miujiza hawakosekani.

Nasi vijana wa kalamu tuna la ziada. Tunapenda kusema tunasubiri msukumo, eti mashairi yatashuka usiku wa manane. Patanjali angetuuliza: muda mrefu? Bila kukatiza? Kwa moyo? Mgongo na kalamu vyote ni maksai, navyo havina habari na msukumo.

Mkeka uko nyuma ya mlango. Alfajiri haina kiingilio.